Afande wa Uongo

Jumamosi, Naguru.



Leo kwenye ukumbi wa polisi wanajeshi walionyeshwa filamu ya kijasusi ya Kitamil, moja ya zile walizoacha Wahindi walipofukuzwa nchini. Nikaitwa kutafsiri, maana kila siku najisifu nilikuwa mpishi wa Watamil. Mpishi nilikuwa kweli. Lakini Kitamil changu ni maneno matatu tu: maji, chumvi, na toka hapa.

Nikatunga tu, wanajeshi wakacheka. Halafu jasusi akampiga risasi ofisa mwenye magwanda.  Kapteni wao akanigeukia.

"Mzee, huyu anaua afande, na wewe unatuchekesha?"

 Watu wamechukuliwa na kupotea kwa neno dogo kuliko hilo.

"Huyo si afande, afande. Ni mwizi, ameiba nguo ya afande."

"Nani kasema?"

"Jasusi mwenyewe! Hujasikia?"

Wallahi, hapohapo jasusi akainama, akabandua masharubu ya bandia usoni mwa maiti, na nywele za bandia pia. Mwizi kweli!

Kapteni akapiga makofi. "Kumbe mzee anajua!"

Mimi, nisiyenyamaza hata msibani, nikakodolea filamu macho, nikasahau kutafsiri mpaka taa zikawashwa. Hakuna aliyeniuliza tafsiri iko wapi.