Mtandao usio na shefu

Shangazi Hadija, amahoro. Huku Rumonge tuko salama. Raisa ameota jino na anauma kila mtu.

Jana afisa mmoja aliingia dukani, akataka kumjua shefu, mkuu wa mtandao wetu. Nikamweleza, "Ni kompyuta nyingi zilizounganishwa, kama mialo ya ziwa wavuvi wanakoshushia samaki, afande. Magara ina wenyewe, Gitaza ina wenyewe, habari zinapita kote, shefu mmoja hakuna."

"Na kompyuta hii inayouendesha ni ya nani?"

"Yangu."

"Basi shefu ni wewe. Jumatatu niletee majina ya wanaoandika humo."

Shangazi, yale ya wavuvi waliopotea uliyaandika wewe. Nimewahamishia nyote kwenye kompyuta ya rafiki yangu wa Kigoma. Andikeni huko, wenzenu watawasoma kama kawaida. Yangu nimeifuta. Jumatatu nitampelekea jina la shefu peke yake.

Mwanao,
Faridi