Usiku Inakimbia, Mchana Inatambaa

Jumatatu, 9 Machi

Dakika kumi na nne! Fremu moja! Nimekaa na saa mkononi kama mjinga, nikimwangalia Gego – jino langu lenye miguu – akitokea kipande kwa kipande. Katuni nzima ina fremu elfu mbili mia moja na sitini. Nimepiga hesabu: siku ishirini na moja. Nina siku kumi na moja.

Bosi wa Meno kapiga simu, yule daktari wa kampeni ya mashuleni. Sauti tamu, maneno machungu. Ijumaa tarehe 20, saa sita mchana. Ikipita hapo, vipindi kumi na kimoja vilivyobaki anampa mwenzangu wa zamani. Yule! Aliyeondoka na wateja wangu na kiti changu!

Mama kauliza kurenda ni nini hasa. Nikamwambia ni kompyuta kupika picha mojamoja mpaka ziive. Akasema basi ongeza moto. Halafu akaokota kikombe mezani kwangu, nikamfokea. Usiguse meza yangu! Akatoka. Sawa. Meza ni yangu.

Jumanne, 10 Machi

Pesa inatosha kitu kimoja. Kimoja! Memori, au prosesa, au kadi ya grafiki. Binamu yangu, Mjuaji, ambaye kompyuta yake ni ya kuangalia mpira, anasema prosesa, hakuna mjadala. Duka la kwanza wanasema memori, kwa kuwa ndiyo waliyonayo.

Duka la tatu kuna fundi mfupi, mpole wa kuudhi. Hakutaja bei. Kaniuliza: ikirenda, kinachojaa ni nini, memori au prosesa? Sijui. Miaka sita kwenye kazi hii na sijui! Nikanuna. Akasema nilete mashine aipime kabla sijatupa hela.

Jumatano, 11 Machi

Kaipima. Memori haijafika hata nusu. Prosesa ndiyo inayohenya peke yake, wakati programu yangu inaweza kubebesha kadi kazi yote – ila kadi yangu ni kikongwe. Basi kadi. Imetumika, lakini nzima. Tukamrenda Gego pale pale juu ya kaunta. Dakika nne! Nilipiga kelele mpaka wateja wakageuka.

Kapuliza vumbi la kujaza kofia. Kasema vumbi ni adui: mashine ikipata joto inajipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Nyumbani nikamhutubia Mama sebuleni: vumbi! Vumbi ndilo linaloua kompyuta! Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kufuma.

Alhamisi, 12 Machi

Nimeiacha inarenda saa mbili asubuhi, nikaenda chuoni kufundisha kuchora. Saa kumi narudi natarajia fremu mia na ishirini. Arobaini na moja! Nimekaa mbele yake, ikarenda moja kwa dakika nne, kwa adabu zote. Sielewi.

Ijumaa, 13 Machi

Thelathini na nane.

Mjuaji kasema kadi imefufuliwa, nimeuziwa maiti, wale mafundi wote lao moja. Kwa mara ya kwanza maishani naona anasema kweli. Damu inanichemka.

Jumamosi, 14 Machi

Nimekwenda. Nimemwita mwizi. Mbele ya wateja watatu na mke wake. Nimesema na mengine ambayo hapa siandiki. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi – mtu akitukanwa si ajibu! Kaomba tu ile orodha ambayo programu huandika kila fremu imeanza saa ngapi na imechukua dakika ngapi. Nikamtumia kwenye simu, nikatoka. Mlango niliubamiza, na nyumbani nikamsimulia Mama nilivyomfokea.

Jumapili, 15 Machi

Nimeshinda nyumbani. Nne, nne, nne, kutwa nzima! Inanifanyia makusudi? Au inaogopa sura yangu? Tangu jana naiacha inarenda na usiku, inanguruma kando ya kitanda, silali.

Mama anafuma kitu kikubwa, cheupe. Nikauliza ni nini. Kasema subiri, utaona.

Jumatatu, 16 Machi

Nimetoka chuoni: arobaini. Nilikuwa karibu kuipiga teke.

Fundi kaandika, kaomba orodha mpya mpaka ya leo, nikamtumia. Kasoma yote, mstari kwa mstari. Usiku inakimbia, mchana inatambaa. Na si kila mchana, siku za kazi tu, saa mbili hadi saa kumi kasorobo. Kaniuliza mchana kuna nini kwangu. Nikamjibu hakuna kitu, yupo Mama tu. Kasema atakuja Jumatano na kipimajoto chake. Hataki hela ya kuja. Anataka kusafisha jina lake.

Aje! Aje na mashahidi!

Jumanne, 17 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wanafunzi walikuwa na mtihani, nikarudi saa saba. Nikaingia chumbani. Kompyuta imevaa. Imevaa kitambaa cha kufuma! Cheupe, ukingo wa bluu, uzi maradufu, kimeikaa sawasawa kama sweta la mtoto, kimeziba matundu yote, feni ya mbele na ya nyuma. Nikaweka mkono. Pasi! Ndani feni inalia.

Nilifungua mdomo. Wallahi nilikuwa na maneno ya kubomoa nyumba. Mama akatokea mlangoni, ametoka kuanua nguo. Alivyoniona akakimbia, mama yangu na magoti yale, akakivua, akakificha nyuma ya mgongo. Akasema: "Sijagusa meza."

Sijagusa meza!

Kumbe kila siku nikitoka anaifunika, vumbi lisiniulie kazi. Robo saa kabla sijarudi anakivua, nisije nikamfokea. Kakifuma Jumatano ile ile niliyohutubia, wala hakulala. Na kile kikubwa ni cha skrini.

Nikasema kizuri. Ndicho nilichoweza kusema. Nimemfokea fundi wa watu, mama yangu mwenyewe namwogopa. Hasira yote ile na sina pa kuitua, imebaki kwangu.

Zimebaki fremu mia tisa na sitini. Ikikimbia bila kusita, Ijumaa saa nne asubuhi. Ikivalishwa tena hata siku moja, nimekwisha.

Jumatano, 18 Machi

Nimeomba ruhusa chuoni, nimekaa kuilinda. Asubuhi nikampigia fundi asije, nikasema imejitengeneza. Kajibu ameshatoka.

Saa tano kagonga. Mimi huyo, nimejifungia chumbani! Mtu mzima na akili zake. Mama kampokea, kampa kiti, kampa chai. Mlango huu ni mwembamba, nasikia mpaka kijiko.

Fundi kauliza, kwa upole wake ule ule, mchana nikiwa sipo nani anakaa na kompyuta. Mama kasema, kwa fahari kabisa: "Mimi, mwanangu. Naitunza mwenyewe. Ngoja nikuoneshe."

Namsikia anakifungua kitambaa.

Nimeng'ata kalamu. Sasa atasema. Ana haki ya kusema, nilimvua nguo mbele ya mke wake. Aseme tu!

Kasema: "Mama, umefuma kwa mkono? Hiki kizuri mno. Hiki si cha kufunika vyuma." Kasema angekuwa yeye angekiweka kwenye kiti cha wageni. Kompyuta iachwe wazi tu, vumbi atakuwa anakuja kulitoa mwenyewe kila mwezi.

Mama kauliza, sasa je, ugonjwa wake ulikuwa nini?

"Kadi niliyomuuzia, mama. Kosa langu."

Mama kashusha pumzi. "Kumbe! Basi binti yangu alikuwa na haki ya kukufokea."

"Alikuwa na haki," kasema.

Zimebaki mia saba na tano. Nne, nne, nne. Inakimbia.

Mama ananiita. "Njoo, mwanangu! Njoo umsikie fundi mwenyewe, kakubali kosa!"

Ananiita mara ya pili. Nimeitikia nakuja. Bado nimekaa.