Mlango wa Sajenti Fulgencio

Lopinot, Trinidad
20 Novemba 1986

Wifi Eufemia,

Salamu nyingi. Mguu unaendeleaje na hiyo baridi ya London? Mimi ni mzima wa mwili, mengine usiniulize.

Telegramu uliipata, kwa hiyo unajua kaka yako tumeshamzika. Alianguka kwenye mazoezi ya kundi lake la kuimba, marakasi zake za kutikisa mkononi, katikati ya wimbo. Wenzake walidhani anafanya vichekesho vyake, unamjua, wakaendelea kupiga. Walicheka kwanza, wifi. Anselmo, yule wa kigitaa cha kuatro, akikumbuka hilo analia mpaka leo.

Kanisa lilijaa hadi nje. Polisi walikuja na sare zao, wakambeba. Na wale aliowahi kuwaweka ndani nao walikuja, mzee Cipriano akiwa mbele kabisa. Akasema, "Sajenti alinikamata sijui mara ngapi, na njia nzima ya kituoni alikuwa ananiimbia." Tukacheka, tukalia tena.

Sasa nikuambie kinachonikaba. Miaka yote ya ndoa sijawahi kukaa na Fulgencio mkesha wa Krismasi. Alipokuwa polisi, zamu. Alipostaafu, nyimbo zake za parang: nyumba hadi nyumba na kundi lake, anaimbia wake za watu mlangoni mpaka wafungue, mimi nimekaa na sahani zangu. Mwaka huu nilimnunia kwelikweli. Akaniambia, "Nila, safari hii tunaanza kwako. Nitasimama nje kama mgeni, nitaje jina lako kwenye ubeti, na usipofungua nauvunja mlango kiserikali!"

Kundi linataka kuja kutimiza ahadi yake. Mimi sifungui. Aliyeahidi ni yeye, si wao.

Wifi yako,
Petronila


London
1 Desemba 1986

Wifi yangu Nila,

Pole, na pole tena. Umelala? Unakula? Mguu wangu uache, hauna jipya. Ndio ulionizuia, daktari alikataa katakata nisipande ndege, na kaka yangu akazikwa mimi nikiwa nimekaa kitandani. Hapa jirani zangu hata hawajui kama nilikuwa na kaka.

Lakini wewe mwanamke ni mbishi! Unafungia parang mlango, Lopinot hiyo hiyo inayoishi kwa parang? Watapita kwako wameinamisha vichwa, na mwakani hawatageuka hata kuangalia. Unataka nyumba ya kaka yangu iwe nyumba isiyoimbiwa?

Umesahau mwaka ule alipostaafu? Maisha yake yote alikuwa anagonga milango kwa rungu: "Polisi! Fungua!" Basi mara ya kwanza alipokwenda kuimba kwa Cipriano, waliposikia sauti yake tu wakakimbilia kumwaga gongo chooni. Yeye huko nje anamsifu Bikira Maria, wao ndani wanamwaga! Alinisimulia hayo akicheka mpaka anakohoa. Halafu akasema, "Femia, kabla sijafa nataka watu wanifungulie wakiwa wanatabasamu."

Walimfungulia wote, wifi. Umebaki wewe. Fungua, nakupigia magoti. Mimi niko mbali, siwezi kumfungulia.

Wifi yako,
Femia


Lopinot
11 Desemba 1986

Wifi,

Salamu. Barua nimeipata. Usipige magoti na mguu huo.

Kila ninakopita naambiwa, "Mumeo alikuwa mtu wa watu." Najua. Nilimfulia sare miaka yote, nikampikia na hilo kundi lake. Mimi sikuwa miongoni mwa hao watu? Nampenda, na nimemkasirikia hata usingizi siupati, na wa kumgombeza sina.

Unaniona mbishi. Sikiliza basi. Nikifungua nikamkuta Anselmo amesimama pale, itakuwa kweli amekufa. Nisipofungua, naweza kujiambia kwamba bado hajafika. Niachie hilo tu, Femia.

Anselmo alikuja jana, nimemwambia wasije. Na wewe usiniandikie tena habari hii.

Petronila


Lopinot
26 Desemba 1986

Wifi Femia,

Heri ya Krismasi. Mguu vipi? Barua yako sijaiona, na aliyekukataza ni mimi, kwa hiyo sina neno.

Walikuja, mkesha huo huo wa Krismasi. Niliwakataza, wakaja. Jua lilikuwa bado halijazama, lakini mimi nilishafunga kila kitu, nimekaa na nguo zangu nyeusi. Wakapanda barazani, wakaanza ule wimbo wa kuomba mlango. Anselmo alipofika kwenye ubeti wa kumtaja mwenye nyumba, akaimba, "Petronila." Jina langu lote, wifi. Sijawahi kuimbiwa maishani mwangu. Nilijiziba mdomo kwa kitambaa wasinisikie.

Wakarudia. Hawakugonga, hawakuita. Majirani walitoka nje. Wakarudia tena na tena, mpaka sauti ya Anselmo ikaanza kukwama, nikamwonea huruma. Nikaenda, nikafungua.

Walikuwa wamesimama nusu duara kama kawaida yao. Pale mbele, katikati, anaposimama yeye, palikuwa wazi. Hakuna aliyethubutu kupakanyaga. Anselmo mwenyewe alikuwa anaimbia pembeni karibu na nguzo.

Najua amekufa. Nilimwosha mwenyewe, nikamfunga vifungo vya sare kimoja kimoja. Lakini nilimtafuta, wifi. Niliangalia nyuso zote, nikachungulia na nyuma yao hadi kwenye geti, maana ni tabia yake kuchelewa, anasalimiana na kila mtu njiani. Hawakuniuliza ninaangalia nini. Waliendelea kupiga polepole, wananisubiri nimalize.

Nilipomaliza, nikawaambia, "Karibuni ndani. Mwenyewe hayupo."

Wifi yako,
Petronila