Mashine Kutoka kwa Mama Mkubwa

Jumapili, tarehe 3 Machi

Kwa Mama Mkubwa mpendwa,

Naahidi kwamba katika barua hii nitakueleza kila kitu, hata yale ambayo Baba ameniomba niyaruke.

Shikamoo. Natumaini u mzima na miguu yako imeacha kuvimba. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama anaumwa kiwiko, na Baba ana kidole kilichofungwa kitambaa, nacho kitaelezwa hapa chini. Ni mimi, yule uliyekuwa ukiniita Kalamu. Sasa niko darasa la saba. Anwani yako nimeinakili kutoka kwenye ubavu wa boksi.

Mashine ya kufulia ilifika Jumanne. Dereva aliishusha mlangoni akasema, "Mama, mzigo wako huu, umetoka kwa dada yako."

Mama akajibu, "Dada gani huyo anayenitumia vyuma?" Lakini alitia sahihi. Kisha akaifunika shuka, akaweka kapu la vitunguu juu yake, akarudi kwenye beseni lake kufua sare zake za uuguzi.

Mama Mkubwa, tangu tulipomzika Bibi, miaka mitatu iliyopita, jina lako halitajwi hapa nyumbani. Likikaribia kutajwa, Baba huanza kutafuta misumari mifukoni. Sababu siijui.

Jana Mama alikuwa zamu ya mchana. Baba akaondoa vitunguu akasema, "Mtu aliyetengeneza kabati la milango sita atashindwa na beseni la umeme?" Tukaijaza nguo mpaka mlango ukafungwa kwa goti. Tulitia na blanketi. Sabuni nilipima mimi, kikombe kimoja na nusu, kama Mama anavyopimia beseni.

Mwanzoni ilinguruma vizuri. Ilipofika kwenye kukamua, ikaanza kutembea. Nasema kweli, ilitembea. Ilitoka ukutani ikaelekea mlangoni kama mtu aliyekumbuka ameacha chungu jikoni. Baba akaikumbatia.

"Shika huko!" akapiga kelele.

"Wapi, Baba?"

"Popote!"

Kidole chake kilibanwa hapo, kati ya mashine na fremu ya mlango, fremu aliyoitengeneza mwenyewe. Niling'oa waya ukutani. Povu lilikuwa limeshapita chini ya mlango mpaka kwa jirani yetu mshonaji, naye akatoa kichwa dirishani: "Jamani, mnafua au mnapika mawingu?"

Mama aliporudi alisimama kwenye povu na viatu vyake vyeupe. Alisema neno moja tu, "Hata akiwa mbali, anajua kunitia kazi." Akalisuuza lile blanketi mara nne kwa mkono.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Nataka mashine hii ifanye kazi vizuri mpaka Mama aipende. Akiipenda, atakutaja. Akikutaja, huenda ukaja. Ndiyo maana nakuuliza, tulikosea wapi?

Mwanao,
Kalamu


Jumatano, tarehe 20 Machi

Mwanangu Kalamu,

Marahaba. Mimi mzima, na miguu inanibeba. Barua yako nimeisomea hapa hapa kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Nilipofika pale Baba yako alipoikumbatia mashine nilicheka mpaka wenzangu wakazima pasi waje kusikiliza. Mpe shemeji pole ya kidole, na umwambie kosa la kwanza ni langu.

Nyuma ya mashine kuna bolti nne ndefu. Hizo hulishika pipa la ndani lisigongwe njiani. Nilizifunga mwenyewe siku ya kusafirisha. Zikibaki, pipa haliwezi kucheza mahali pake, kwa hiyo hucheza mashine nzima. Mzitoe kwa spana, mzihifadhi. Nilikuwa nimeandika karatasi ya maelezo. Ila ilianza na maneno mengine ya kumwambia mama yako, nikaona siyawezi, nikaichana yote, pamoja na maelezo ya bolti.

Pili, shemeji ana pimamaji la useremala. Aliweke juu ya mashine, azungushe miguu ya mashine mpaka kipovu cha ndani ya pimamaji kikae katikati. Mashine iliyoinama ni kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Tatu, sabuni. Vijiko viwili, mwanangu! Vijiko vya chakula. Povu si usafi, likizidi linazizuia nguo zisisuguane, na maji hayalimalizi. Nguo zisijae, kiganja chako kipite juu yake bila kubanwa. Blanketi lifuliwe peke yake. Kila mfuko ukaguliwe, maana najua misumari ya baba yako. Mkimaliza, mlango uachwe wazi ikauke ndani, la sivyo itanuka kama kitambaa cha deki.

Bibi yako angeicheka hii. Yeye alikuwa na mabeseni matatu uani, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka la pili bila yeye kutazama maji. Mimi nilikuwa wa kusugua. Mama yako alikuwa mdogo, kazi yake kukanyaga blanketi kwa miguu. Wenzake walikanyaga kwa kuimba, yeye alikanyaga kwa hesabu: tisa mara saba, tisa mara nane. Akikosea, Bibi alisema, "Rudia, hapo pamebaki uchafu." Mpaka leo nikisikia watoto wanakariri hesabu nasikia na maji.

Kuhusu jina langu, usimsukume mama yako. Mwache.

Ni mimi,
Mama Mkubwa


Jumapili, tarehe 7 Aprili

Kwa Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama. Baba anakusalimu kwa vidole vyote kumi, kile kilichobanwa kimepona.

Bolti tumezitoa. Baba alilala kifudifudi na pimamaji lake, akazungusha miguu ya mashine taratibu, akiniuliza kila dakika, "Kipovu kiko wapi?" Kilipokaa katikati alifuta jasho kama aliyemaliza paa. Nilitia sare mbili za Mama, vijiko viwili vya sabuni, nikapitisha kiganja. Mashine ilisimama mahali pake mpaka mwisho. Jirani mshonaji alikuja kuangalia, akasikitika hakuna kioja.

Mama aliporudi alizikuta kwenye kamba. Alivuta mkono wa sare moja, akaunusa, akautazama kwenye mwanga.

"Nani amefua?"

"Mashine, Mama."

Aliunyoosha ule mkono wa sare kwenye kamba. Halafu akasema, "Zimetakata."

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha siku tano, na kiwiko kikamkatalia kabisa. Akaitumia mwenyewe. Kwanza alitaka kuongeza sabuni. Nikamwambia, "Vijiko viwili, Mama, povu si usafi." Akageuka haraka, akaniuliza, "Hayo maneno umeyatoa wapi?" Sikumdanganya. Nilimwambia nakuandikia. Hakunigombeza. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya kile kioo cha mlango, akatazama nguo zikizunguka saa nzima bila kufanya kazi nyingine. Sijawahi kumwona Mama akikaa saa nzima.

Uliniambia nisimsukume. Nisamehe, nilimsukuma kidogo. Niliuliza, "Mama, Mama Mkubwa alikukosea nini?"

Alisema, "Muulize yeye, nguo za Bibi yako zilikuwa na kosa gani."

Basi nakuuliza, kwa heshima zote, kwa kuwa ameniruhusu. Zilikuwa na kosa gani?

Mwanao,
Kalamu


Jumapili, tarehe 26 Mei

Mwanangu Kalamu,

Marahaba, na samahani. Najua umekuwa ukimngoja mtu wa posta. Sikuwa mgonjwa. Barua yako nimeilalia chini ya mto zaidi ya wiki tano, kila Jumapili nachukua kalamu, kisha nakumbuka kuna sufuria ya kusugua.

Nguo za Bibi yako hazikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa la mikono yangu.

Siku ya pili baada ya mazishi, watu walikuwa wamepungua. Mama yako alikuwa amelala, hakuwa amefumba jicho tangu Bibi alazwe, yeye ndiye aliyemuuguza mpaka mwisho. Mimi nilifika nimechelewa, nikakuta kila kazi ina mtu. Nikazunguka nyumba nikitafuta cha kufanya. Nikaliona kapu chumbani kwa Bibi. Magauni yake mawili, sweta, mtandio, shuka alizolalia. Mimi ni mfuaji, mwanangu. Nikiona nguo chafu sioni kitu kingine. Nikasema, ngoja nimpunguzie mdogo wangu kazi.

Nilizifua zote kwa mabeseni yale yale matatu. Nilizisuuza mara mbili, nikazianika, nikazipiga pasi, nikazikunja kwa pembe. Katika maisha yangu sijawahi kufua vizuri namna ile. Na nilikuwa nalia, lakini nilijisikia mtoto wake.

Mama yako aliamka jioni, akaenda moja kwa moja kwenye lile kapu. Lilikuwa tupu. Nikampa nguo zimekunjwa. Akachukua sweta, akaliweka usoni, akavuta pumzi. Akachukua mtandio. Akachukua gauni. Kisha akaniambia kwa sauti ndogo, "Umemfua akaisha."

Bibi yako alikuwa na harufu yake, iliki na ile dawa ya kuchua magoti. Unaikumbuka? Mama yako alikuwa ameliacha lile kapu makusudi. Sikujua. Lakini na mimi nilitakiwa kuuliza, na sikuuliza. Badala ya kuomba msamaha nikamjibu, "Ulitaka zioze?" Neno hilo ndilo lililonifungia mlango, hata sabuni haikufanya vibaya kama neno lile.

Hotelini, nikimaliza zamu, huwa nanusa viganja vyangu. Vinanuka sabuni ya watu wote.

Mashine ile niliinunua kazini walipobadilisha. Nilifikiri, sina la kumrudishia, angalau kiwiko chake kipumzike. Sasa umejua yote. Barua hii unaweza kumpa au kumficha, nakuachia wewe.

Ni mimi,
Mama Mkubwa


Jumapili, tarehe 9 Juni

Kwa Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri, maana mimi sikulala vizuri siku mbili nikifikiria nifanye nini na barua yako. Mwisho nilikumbuka kwamba mimi nilikuahidi kueleza kila kitu, na sikuona haki nikueleze wewe halafu nimfiche yeye. Nilimpa.

Alianza kuisoma amesimama jikoni, mwiko mkononi. Katikati alikaa. Baba aliingia kuuliza chakula, akaona hali, akatoka kinyumenyume.

Mama aliingia chumbani, akarudi na kopo la biskuti la zamani. Ndani mlikuwa na foronya moja, ya rangi ya maziwa, imekunjwa vibaya. Akaniambia ni ya mto wa Bibi. Aliitoa hospitalini asubuhi ile Bibi alipofariki, akaificha kwenye mkoba wake. Hukuifua kwa sababu haikuwemo kapuni. Hukujua ipo.

"Nusa," akaniambia.

Nilinusa. Nilitaka sana kusikia iliki.

"Nini?"

"Bati, Mama."

"Mimi pia," akasema. "Mwaka wa kwanza alikuwemo. Wa pili alikuwemo kidogo, ukivuta pumzi kwa nguvu. Sasa ni miezi mingi nafungua nanusa kopo. Nimemnunia dada yangu miaka mitatu kwa kitu ambacho hata mimi niliyekificha kimenitoka."

Amesema "dada yangu", Mama Mkubwa. Nimeyaandika maneno yake siku ile ile nisije nikayaongeza.

Nikamuuliza kama alikuchukia. Alisema hapana, ila alikuwa na hasira, na hasira ukiiacha imelowa ndani ya beseni, kesho huwezi kuikaribia kwa harufu. Kisha akasema nimwache afikiri.

Jana mashine ilikataa kutoa maji. Nguo zilisimama kwenye maji ya sabuni na taa ndogo ikawa inawaka na kuzima. Baba akaja na nyundo. Mama akasimama mbele yake, akasema, "Usiiguse. Mwenyewe ataiangalia."

Baba akauliza, "Mwenyewe nani?"

"Kwani wangapi wanaijua?"

Baba alinitazama, mimi nikamtazama Baba, na hakuna aliyetafuta misumari. Nguo tumezitoa kwa mkono, na mashine imefunikwa shuka tena, lakini safari hii bila vitunguu.

Leo asubuhi Mama amefagia kile chumba kidogo cha nyuma na kuanika godoro lake juani. Hakusema la nani. Sasa hivi amesimama nyuma ya kiti changu, ameniambia niandike swali lake kama lilivyo, nisilipambe, na nilipeleke posta kesho kabla ya kengele ya shule, kwa hiyo tafadhali ujibu siku utakayoipata barua hii: bado unakunywa chai bila sukari?

Mwanao,
Kalamu