Siku Kumi na Tano za Fundi Fetz

Jumatatu, 13 Novemba
Fundi amefika! Ambros Fetz, Mwaustria, miaka sitini na moja, ndevu kama brashi ya kusugulia sufuria. Amekuja kuunga kamba yetu mpya ya chuma, ile inayovuta vibanda vya abiria hadi kileleni. Pale uwanja wa ndege, Vancouver, wamemruhusu afanye kazi siku kumi na tano bila kibali. Leo ni ya kwanza. Bosi wetu, Lorne, anacheka: kazi ya siku mbili hiyo, zilizobaki mzee atakula panikeki.
Mimi msaidizi wake. Kama kawaida.

Ijumaa, 17 Novemba
Kamba bado imekwama bandarini. Fetz ananifundisha gerejini kwa kipande cha kamba kuukuu. Nyuzi sita nene, katikati kiini laini. Unatoa kiini, unaingiza ncha ya uzi mahali pake. Hakuna fundo, hakuna gundi — zinashikana kwa kubanana tu.
"Usiikazie macho, binti. Isikilize."
Binti! Nina miaka arobaini na minne.
Akauliza kama nina cheti cha kazi hii. Ninacho, tangu Machi. "Basi mimi nimekuja kufanya nini hapa?" akasema. Jibu analo Lorne: watu wa bima wanapenda jina la Ulaya.

Alhamisi, 23 Novemba
Kamba ilifika jana. Leo upepo. Huwezi kupitisha kamba kwenye nguzo na upepo huu.

Jumapili, 26 Novemba
Upepo. Upepo! Lorne ameuliza habari za kibali kirefu. Kinachukua wiki mbili, wamemwambia. Sisi tunafungulia watalii Jumamosi. Mji mzima unangoja — dada yangu Noreen, mpishi wa kule kileleni, hajafanya kazi tangu Aprili.

Jumatatu, 27 Novemba
Kumetulia. Tumeanza alfajiri; kufikia saa saba mchana kamba ilikuwa nguzoni. Mikono ya Fetz — sijui niielezeje. Uzi unaingia kama umeitwa.
Saa kumi jioni, nyuzi nne tayari. Mbili bado. Lorne akataka tuwashe taa tumalize. Fetz akakataa. Vidole vyake vimekufa ganzi, na uzi ulioingizwa na mkono usiohisi siku moja utatoka.
Akaweka vifaa chini. Kisha akavisogeza kwangu.

Jumanne, 28 Novemba
Siku ya kumi na sita. Naandika garini, mapumziko ya mchana.
Asubuhi Lorne alimvuta Fetz pembeni, lakini Lorne hajui kunong'ona.
"Nusu siku tu, mzee wangu. Nani ataona huku mlimani?"
"Mimi nitaona. Nimeingia nchi hii mara kumi na tisa kwa mlango wa mbele."
"Na huyu msaidizi wako Wynne akikosea?"
"Muulize mwenyewe. Si yuko hapo?"
Lorne akanigeukia. Miaka sita namfanyia kazi. Hajawahi kuniangalia hivyo, kama mtu anayesoma kibao cha barabara kwenye ukungu.
"Unaweza?"
Nilitaka kusema nitajaribu. Nikasema ndiyo. Nikamwambia pia jina kwenye fomu ya ukaguzi litakuwa langu, mkaguzi wa usalama akija Alhamisi aniulize mimi. Haya, akasema.
Fetz akatoka nje ya uzio, mikono mfukoni, akanipa mgongo. Hata kuelekeza ni kazi, anasema. Mara mbili nilisita, mara mbili akakohoa. Sijui ni baridi, sijui ni ishara.
Uzi wa tano ulinichukua saa tatu. Yeye angetumia dakika arobaini. Lakini umeingia! Nimepitisha kiganja juu yake kwenda na kurudi, na sikuhisi palipoungwa.
Wa sita uko nje bado, umelala kwenye theluji.
Lorne amepita sasa hivi kumuuliza Fetz kama amtafutie ndege ya kesho. Hapana, Fetz amesema, amemaliza kazi, sasa ni mtalii. Akauliza watalii wanaanza kupandishwa saa ngapi Jumamosi. Anataka kupanda kibanda cha kwanza.
Lorne amenitazama kupitia kioo cha gari.
Narudi kwenye kamba.