Dirisha la Upande wa Ziwa

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Julai 1996

Mjukuu wangu Furaha,

Habari za huko mjini, Area 25? Huku tu wazima, isipokuwa goti langu. Umeuliza kwa nini dirisha langu linaelekea upepo wa baridi. Nilipoolewa kule Uvira, marehemu babu yako alinisimamisha ndani ya kuta mbichi za udongo akauliza, "Unasikia upepo ya ziwa wapi?" Nikaonyesha, akatoboa dirisha palepale. Hapa nimejenga peke yangu, nikatoboa upande uleule. Ziwa halipo hapa; vumbi tu linaingia.

Jirani hunicheka: "Koko, ile njo mlango ya vumbi. Ziba."

Nimekanda udongo mara mbili ukakauka kabla sijaziba. Sijui kwa nini mkono unakataa. Labda ni kwa sababu safari hii hakuna aliyeniuliza. Njoo, unichagulie upande. Hadi siku hiyo, unikumbuke.

Koko wako