Bunduki ya Tata Isiyojua Kutu

Jumamosi, 2 Novemba

Kagoma. Nimekuja kwetu. Sare za kwaya nimeziacha Kashai, kwenye cherehani yangu, bila vifungo, wenyewe watasubiri. Leo ni siku ya kuwaombea marehemu, na ni mara ya kwanza Mama yumo miongoni mwao. Tumesali kaburini, migombani, mvua ikitunyea.

Baada ya chai Tata, baba yetu, akafungua sanduku la chuma akanionyesha bunduki yake. Mtutu una kutu. Madoa mekundu tangu katikati hadi mdomoni. Nilishtuka. Bunduki hii naijua tangu utoto na sijawahi kuiona na doa. Tata amejisifia miaka mingi kilabuni: za wenzake zinaliwa na unyevu wa ziwa, yake haijui kutu.

Mkaguzi wa silaha kule Muleba aliiona mwezi uliopita. Amempa hadi tarehe 29. Ikibaki hivi, kibali hakihuishwi na bunduki haitarudi nyumbani. Tata kasema ngedere wa shambani watahamia sebuleni. Akacheka peke yake.

Jumapili, 3 Novemba

Nimemuuliza anaitunzaje. Kasema kama siku zote. Siku zote vipi? Akaniambia nile, ndizi zinapoa.

Deo, kaka yangu, kasema kwenye simu bora ichukuliwe, mzee wa umri ule bunduki ya nini. Nimekasirika. Mke kaenda, ng'ombe kauzwa, meno yenyewe ya kuhesabu. Hiyo ndiyo iliyobaki.

Tata aliifungua kwanza, akanionyesha haina risasi. Tukaisugua kwa stiliwaya laini na mafuta ya taa mpaka ikang'aa.

Bado jambo moja linanikera. Sanduku lilelile, chumba kilekile, mvua ileile. Nini kimebadilika? Mama tu hayupo. Lakini Mama na bunduki wapi na wapi? Akiiona alikuwa anafanya ishara ya msalaba.

Jumatano, 13 Novemba

Kashai. Senene, panzi wetu wa kula, wameanguka. Mtaa mzima uko barazani unanyonyoa mabawa. Wateja hawaji, nguo gani itashindana na senene.

Nimenunua mafuta ya cherehani, chupa mbili, kwa mazoea. Moja yangu, moja ya Mama. Aliniagiza kila nilipokwenda Kagoma. Nimelia palepale kaunta. Muuzaji akadhani kanizidishia bei, akapunguza.

Njiani nikasimama. Cherehani ya Mama ilivunjika nikiwa bado shule ya msingi. Imekuwa meza ya redio tangu hapo. Mafuta yalikuwa ya nini?

Jumamosi, 16 Novemba

Kutu imerudi, mbaya kuliko ya kwanza. Na sisimizi. Msururu mzima unapanda ukutani na kuingia kwenye sanduku la bunduki. Sisimizi wanafuata nini kwenye chuma?

Udadisi wangu hauna aibu. Nikanusa mtutu. Unanukia senene. Nikagusa, nikaramba kidole. Chumvi. Tata alikuwa anaangalia dirishani kama mtu anayengoja mgeni.

Amekiri. Jirani yetu Ma Georgia alikuja kumkaangia senene, wakatoa mafuta mengi, yeye akayakinga kwenye kikombe. Akaipaka bunduki. Mafuta ya senene, yamekolea chumvi. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha, maana mwenyewe hakucheka, na tarehe 29 haijasogea.

Kumbe kabla ya senene alijaribu samli. Kabla ya samli, mafuta ya kujipaka mwilini. Nikamuuliza kwa nini hanunui mafuta ya bunduki kama watu wengine. Kasema aliwahi kuyanusa dukani, siyo hayo.

Siyo yapi? Akafunga sanduku. Huyu mzee anatafuta kitu.

Jumapili, 17 Novemba

Nimezipata asubuhi jikoni, nikitafuta ungo. Juu ya uchaga wa kuni, nyuma kabisa, zimejaa masizi. Chupa tupu za mafuta ya cherehani. Naona ni zote nilizowahi kuleta. Na kitambaa cheusi kinachonukia chuma.

Mama.

Ufunguo wa sanduku haumtoki Tata mfukoni, hata kanisani. Lakini suruali zake alikuwa akifua Mama, kila Jumamosi, Tata akiwa amelala mchana. Aliyeogopa bunduki kuliko sote ndiye alikuwa anaipaka mafuta.

Niliogopa kumwambia. Sifa yote ya kilabuni ilikuwa ya Mama. Mtu unamwachaje mzee bila mke na bila sifa? Lakini kutu haina huruma. Nikazipanga chupa mezani.

Akachukua moja, akaifungua, akainusa kwa muda mrefu.

"Ndiyo hii," akasema. "Nilijua anaipaka. Ufunguo mimi huuweka mfuko wa kulia. Jumamosi ulikuwa unarudi wa kushoto. Nilichokuwa sijui ni anapaka nini."

Nikamuuliza kwa nini hakumuuliza, miaka yote ile.

"Ningemuuliza angejua kwamba najua. Angeacha."

Nilitoka nje, nikasimama kwenye mibuni mpaka uso ukakauka.

Kisha kazi. Tumeifuta chumvi kwa kitambaa na maji ya moto, tumeikausha juani, tumeisugua tena, tukaipaka mafuta ya cherehani. Sisimizi wamekosa riziki. Tata kakataa kitambaa kipya nilichomkatia. Kafutia kile cheusi.

Ijumaa, 29 Novemba

Muleba. Nimemsindikiza.  Mkaguzi kauchungulia mtutu kwa ndani, kapitisha kidole kwa nje. Makovu yapo, kutu hakuna. Kibali kimehuishwa. Kamwambia: Mzee, safari hii umeitunza. Tata akasema asante tu. Nilishangaa, kwa kawaida hapo ndipo hotuba huanza.

Hotuba aliipeleka kilabuni. Wazee walikwishasikia. Ta Petro, rafiki yake, kampokea na kikombe cha rubisi, pombe yetu ya ndizi: karibu mwenye bunduki isiyojua kutu. Nilikuwa mlangoni, namngoja. Tata hakukaa.

"Si mimi," akasema. "Miaka yote ile ilikuwa inatunzwa na mke wangu."

Nilidhani watamcheka, wazee wale hawana dogo. Ta Petro akavua kofia. Wengine wakaangalia vikombe vyao. Tata akakaa, akanywa.

Namwonea fahari baba yangu. Naandika hivyo kwa sababu sikumwambia.

Jumamosi, 7 Desemba

Kashai. Mvua tangu asubuhi. Sare za kwaya zimekwisha, vifungo vyote.

Mchana Tata kapiga simu. Yuko peke yake, bunduki iko mezani, chupa iko mkononi. Anauliza Mama alikuwa anaweka matone mangapi.

Nikasema sijui. Nikaisikia mvua ya Kagoma kwenye simu.

Akasema basi ataanza na moja, aone.